Prosesa Mpya ya Malou

Kompyuta ya Anyieth ina jina, na ukitaka kukosana naye iite kompyuta tu. Inaitwa Malou. Kwa Wadinka, Malou ni fahali wa rangi ya majivu, na kasha la mashine hiyo lilikuwa la kijivu tangu siku ile Dhieu, mdogo wake Anyieth, alipoibeba begani kutoka mnada wa vifaa vilivyochoka. Ofisi moja ilikuwa inahama Kakuma, ikauza kila kitu hadi mapazia. Dhieu akaacha mapazia, akaacha viti, akarudi nyumbani anahema na kumwambia dada yake kwamba amewaletea fahali. Majirani wa Kakuma One, mtaa wao kambini, walicheka wakachoka. Kisha wakaanza kuleta kazi.

Maana Malou ni mchapakazi, hilo hata wasiompenda wanakubali. Kwenye kibanda cha mabati cha Anyieth anachapisha barua za kuomba kazi, picha za pasipoti, kadi za harusi na ratiba za mazishi, na kujaza nyimbo za kwaya kwenye simu za watu. Anakula umeme wa sola, na siku ya mawingu anapumzika, ingawa siku za mawingu Turkana unazijua mwenyewe, za kuhesabu. Anyieth hana mume wala mtoto, lakini mtaa mzima unamwita Mama Malou, naye anaitika. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka.

Malou ana nguo yake pia. Kina mama wa Sudan Kusini hudarizi mashuka meupe kwa nyuzi za rangi na kuyatandika vitandani na kwenye viti mgeni akija, na shuka hilo huitwa milaya. Hii ya Malou ilidariziwa na mama yao Anyieth na Dhieu. Katikati kuna fahali wa kijivu mwenye pembe ndefu, pembeni maua mekundu, na kwenye kona moja kuna ua lisilokwisha, kwa sababu mama aliugua akafariki kabla ya kulimaliza. Anyieth aliikunja mara mbili akamvika Malou kuanzia kichwani hadi miguuni, mbele akiacha kitundu cha kuwashia tu. Vumbi la Kakuma si la kuchezea, na isitoshe mtu anayekulisha humwachi uchi. Hiyo milaya hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ikibidi itolewe, Anyieth huitoa mwenyewe, huikung'uta nje, na huirudisha mwenyewe.

Basi Dhieu akapata safari ya kuhamia Canada. Watu walikesha wakiimba, asubuhi akapanda ndege, na Anyieth akabaki na Malou. Mwanzoni alidhani simu zingetosha. Wapi! Dhieu kwenye simu ni mtu wa maneno mawili: niko sawa. Umekula? Niko sawa. Kazi je? Niko sawa. Amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama, yeye ambaye utotoni alikataa kula siku ndama wa jirani alipochinjwa, na bado yuko sawa. Baada ya hapo wananyamaza wote wawili, wanasikilizana wakipumua, halafu mmoja anasingizia mtandao.

Kilichowaokoa ni gemu ya malori. Dhieu aliicheza kwa Malou zamani, na alipofika huko akanunua kompyuta yake, akamfundisha dada yake kuingia. Kila mmoja anaendesha lori lake, barabara ni moja, na mnazungumza kwa spika za masikioni. Dhieu anatangulia, Anyieth anafuata. Huku ikiwa asubuhi kabla wateja hawajaamka vizuri, kule Dhieu ndiyo kwanza ametoka zamu ya jioni, hana usingizi. Na ajabu ni kwamba mikono yake ikishika usukani, hata usukani wa uongo, mdomo wake unafunguka. Anasimulia jinsi alivyonunua maziwa yakawa ni rangi ya kupaka ukuta. Anaiga sauti ya msimamizi wake. Anaimba nyimbo za mama akikosea maneno, na Anyieth anamsahihisha huku akigonga lori ukingoni. Hapo ndipo Anyieth humpata ndugu yake mzimamzima.

Halafu wenye gemu wakatangaza kwamba hiyo ya zamani inafungwa mwisho wa mwezi. Imetoka mpya, yenye milima na theluji na magari mengi zaidi, wote wahamie huko. Dhieu alihama siku hiyo hiyo. Anyieth naye akaiweka kwa Malou, ikachukua asubuhi nzima kushuka kutoka mtandaoni, na alipoifungua ikamwandikia kwenye kioo kwamba prosesa yake ni dhaifu mno. Ikajifunga. Akajaribu tena, ikajifunga tena. Anyieth hakujali milima wala theluji. Aliona tu kwamba mwezi ukiisha Dhieu anarudi kuwa mtu wa niko sawa, na hilo lilimtia hofu hata akashindwa kula.

Alimwita Didace. Huyu ni Mkongomani wa Uvira, fundi wa simu na kompyuta, na Jumapili anapiga kinanda kanisani akiwa amevaa tai hata joto liwe namna gani. Anyieth akavua milaya, Didace akafungua kasha, akatazama, akapuliza vumbi kidogo lililokuwemo, akaeleza. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine, ndiyo inayopiga hesabu zote. Ya Malou ina vichwa viwili tu vya kufanyia kazi, na gemu mpya inataka vinne. Kununua kompyuta mpya ni kujisumbua bure, pesa hiyo iko wapi. Lakini hiyo ya zamani inaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine yenye nguvu, ilimradi itoke ukoo ule ule, kwa maana bodi ya Malou, kile kibao prosesa inapokalia, haimpokei kila mgeni. Akapiga picha namba ya bodi kwa simu ya Anyieth, akamwelekeza kwa Ethuro, muuza vipuri wa Lodwar. Na akamsisitizia achukue iliyo kubwa kabisa.

Anyieth akaomba kibali cha kutoka kambini, akakipata, akafika Lodwar jua likiwa limeshakasirika. Duka la Ethuro ni dogo, lina feni mbili na zote zinaelekezwa kwa mashine, si kwa wateja. Ethuro mwenyewe ni Mturkana mnene mwenye cheko la chinichini. Walisalimiana kwa Kiturkana, ejok kwa ejok-noi, akatazama ile picha kwenye simu, akainama chini ya meza akatoa trei ya mayai. Ndani yake, kila prosesa imelala kwenye shimo lake, kijibamba cha kuenea kiganjani mwa mtoto. Akachomoa mbili, akaziweka juu ya kitambaa, akasema hizi ndizo zitakazokubaliana na mashine yako.

Ya kwanza ilikuwa yenye nguvu kupita zote za ukoo huo. Ya pili ilikuwa ngazi moja chini, na bei yake nusu. Mteja mwingine angeuliza namba. Anyieth akavuta kiti akauliza wametoka wapi, walikuwa wakifanya kazi gani, kwa nani, na kwa nini wameuzwa. Ethuro alimtazama, akaacha bisibisi, naye akakaa vizuri. Baba yake alikuwa na ng'ombe kabla ya ukame kuwamaliza. Alijua hayo ni maswali ya aina gani, na tangu afungue duka hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akaanza kuwasifu na kuwatoa kasoro, maana muuzaji asiyetaja kasoro haaminiki. Huyu mwenye nguvu alitoka Nairobi, alikuwa kwa watu wa kutengeneza video, wakimfanyisha kazi usiku na mchana. Ana nguvu, hakatai. Lakini anakula umeme sana, anachemka haraka, na kwa jua la huku Ethuro asingemwapia. Anyieth akataka kujua wa pili.

"Huyu alikuwa ofisini hapa hapa Lodwar," Ethuro akasema. "Kazi yake kuandika barua tu. Na ofisi yenyewe ilikuwa inafungwa mapema. Mama, huyu hajawahi kutoka jasho."

Anyieth akacheka hadi akashika meza. Akampigia simu Didace, naye Didace akapaza sauti kutoka Kakuma kwamba kubwa ni kubwa, dada, usidanganywe na watu wa Lodwar. Ethuro aliyasikia yote akajifanya anapangusa feni. Anyieth alifikiria sola yake ya juu ya mabati, ambayo ikiwasha Malou na printa kwa pamoja taa inapepesa. Mla sana wa nini kama malisho hayapo? Akasema anamtaka wa ofisini, lakini hamnunui kwa maneno. Anataka kumwona akitembea.

Basi Ethuro akamfunga kwenye mashine yake ya majaribio iliyo wazi bila kasha, akaiwasha gemu yenyewe, na Anyieth akakaa mbele yake hadi mchana. Alikataa soda, alikataa kwenda kivulini. Prosesa haikuyumba hata mara moja. Mwishowe wakapatana bei, Ethuro akaongeza bure kijichupa cha dawa nyeupe ya kupakwa ili joto lipite vizuri, na Anyieth akaifunga prosesa kwenye leso, akaiweka kifuani na kurudi nayo Kakuma.

Didace aliiweka asubuhi iliyofuata. Alinung'unika kidogo kwamba si ile kubwa, lakini mikono yake ilikuwa ya heshima, akapaka dawa, akafunga, akawasha. Malou akaamka. Gemu ikafunguka, milima ikajaa kioo, theluji ikaanguka, na watu wanne waliokuja kupiga picha za pasipoti wakasahau pasipoti. Didace akaendesha lori la majaribio huku akipiga honi. Anyieth akamlipa, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alimvika Malou milaya yake, akainyoosha vizuri fahali awe katikati, akavaa spika na kumpigia Dhieu waanze safari.

Waliondoka vizuri. Dhieu alikuwa mbele akieleza jinsi ya kushika breki kwenye theluji. Hawajamaliza mlima wa kwanza, lori la Anyieth likaanza kwenda kwa kushtuka-shtuka, sauti ya Dhieu ikawa inarukaruka maneno, na pap! Malou akazimika.

Didace akaitwa. Anyieth akavua milaya, Didace akafungua, akagusa hapa na pale, akawasha, gemu ikaenda safi muda wote aliokuwepo. Akaondoka. Milaya ikarudi, gemu ikarudi, Malou akazimika. Akaitwa tena, ikapona tena. Siku ya tatu ya mchezo huo, Didace mwenyewe akaanza kuamini kwamba mikono yake ina upako, na kanisani akaligusia katika ushuhuda. Mtaa haukuamini upako. Mtaa uliamini kwamba Mama Malou amempenda fundi na anatafuta sababu ya kumwita. Wanawake wa bombani walimuuliza kama leo mashine imeugua saa ngapi, na kama ametayarisha chai. Anyieth aliwajibu maneno ambayo mwimbaji wa kwaya hapaswi kuyajua, wao wakazidi kucheka.

Didace alipoona kuna maneno mtaani, akatoa hukumu. Prosesa ni mgonjwa. Dada, umeuziwa mgonjwa. Hapo Anyieth akawaka. Akampigia Ethuro, akamwambia yote yaliyokuwa moyoni na mengine yaliyokuwa jirani na moyo. Ethuro alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole kwamba yeye hajawahi kumuuzia mtu mnyama mgonjwa, na kwamba alimtembeza mbele ya macho ya Anyieth mwenyewe hadi mchana. Akamwambia arudi naye Lodwar, na akionekana ana kasoro, atampa yule mkubwa bure. Akakata simu. Anyieth alijua amemkosea mtu au amekosewa, lakini hakujua ni lipi kati ya hayo, na kibali chake kilikuwa kimeisha. Na ile gemu ya zamani ilikuwa imefungwa jana yake.

Asubuhi iliyofuata alijaribu kwa mara ya mwisho. Alimwambia Dhieu kabisa kwamba huenda wakakatika, akikatika asimsubiri, alale. Wakaondoka. Alikuwa anaendesha huku machozi yanamlenga, amejikunyata, akingoja Malou afe. Mngurumo ndani ya kasha ukaanza kupanda, ukapanda, ukawa mlio.

"Dada," Dhieu akasema. "Hiyo ni nini inalia hivyo?"

Anyieth akamwambia ni feni ya Malou, siku hizi ndivyo inavyolia kabla hajazimika. Didace akiwepo hailii.

Dhieu akapunguza mwendo. "Didace akija, milaya ya mama inakuwa wapi?"

"Mikononi mwangu. Nitamwacha fundi aishike kwa mafuta yake?"

"Na akiondoka?"

Anyieth akageuza shingo. Fahali wa kijivu alikuwa amemtazama kutoka juu ya kasha, amekunjwa mara mbili, amebana vizuri kila upande, hakuna hata tundu la sindano la kupumulia. Siku zote alipokuwa akiandika barua tu, Malou aliivumilia nguo hiyo. Sasa alikuwa anapanda milima na blanketi mgongoni, Turkana, mwezi wa Februari. Anyieth akaweka kiganja pale, akakiondoa upesi. Kulikuwa kunaunguza.

"Mvue, dada," Dhieu akasema, na hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka kicheko chake cha zamani, kile cha kukata pumzi, ambacho Anyieth hakuwa amekisikia tangu uwanja wa ndege. Anyieth akaivua milaya kwa mikono miwili, mlio ukashuka, ukawa mngurumo, ukawa pumzi ya kawaida. Hakuna kilichozimika. Walivuka mlima wa kwanza na wa pili, Dhieu akicheka upya kila akikumbuka, na Anyieth akimtukana kwa furaha kila akicheka.

Mchana huo alimpigia Ethuro kuomba radhi. Hakutafuta kona, alimwambia ilivyokuwa. Ethuro alikaa kimya, Anyieth akadhani amekasirika, kumbe mtu amelaza simu mezani anacheka. Akatoza faini ya mbuzi mmoja, akashuka hadi kuku, wakaishia kwenye kilo ya sukari, ambayo Anyieth aliituma kwa dereva wa kwanza aliyekuwa anakwenda Lodwar. Didace yeye hakuomba radhi kwa mtu. Alisema bado upako anao, ila haukuhitajika kwa kesi hii.

Kesho yake asubuhi Malou alisimama mezani bila nguo, pembeni mwake kuna brashi ya kumfagilia vumbi, na milaya iko mapajani mwa Anyieth. Walikuwa wamefika mahali ambapo barabara inapita kati ya misonobari na theluji inaanguka nene. Anyieth hajawahi kuiona theluji kwa macho yake. Alisema inapendeza. Halafu, kwa mzaha tu, akiwa anaishikashika ile kona yenye ua lisilokwisha, akauliza, "Sasa hii nimvike nani?"

Lori la Dhieu lilipita daraja, likapanda, likateremka, taa zake nyekundu zikionekana mbele kwenye ule weupe. Anyieth akadhani mtandao umekatika, akaita jina lake.

"Nitumie mimi," Dhieu akasema. "Huku kuna baridi, dada. Kuna baridi sana. Sijawahi kukwambia."

Anyieth akaivuta milaya kifuani. Akamwambia ataituma, na kwamba aseme, aseme yote, yeye yuko nyuma yake hapo na haendi popote. Na Dhieu akaanza kusema.

Mlangoni walikuwa wamefika wateja, mmoja ameshika picha za pasipoti zilizokosewa, mwingine anataka kadi za harusi leo leo. Anyieth aliwainulia mkono bila kuvua spika masikioni, akawaambia Malou ana mgeni, warudi mchana.